Mwanya wa Milimita Tatu

Kwa miaka sita nilikuwa naamka nimechoka. Sisemi uchovu wa kulima, maana ule ukilala unaisha. Nasema uchovu wa mtu mwenye mlinganyo mmoja kichwani ambao haukubali. Unasonga ugali, upo. Unasahihisha mitihani ya wanafunzi, upo. Padri anahubiri habari za mpanzi, na wewe umekaa benchi la tatu unahesabu nguvu ya sumaku.

Mlinganyo wenyewe ulihusu mota. Watu wengi wanaijua mota ya mashine ya kusaga: inazunguka. Yangu haikuzunguka. Ukitaka kuielewa, chukua hiyo ya kusagia, ichane upande mmoja kwa mawazo tu, ikunjue, uilaze mezani kama mkeka. Koili zinabaki chini, na juu yake, badala ya kile kinachozunguka, unaweka bamba la alumini lenye chuma mgongoni. Ukiwasha umeme, bamba linasukumwa mbele kwa mstari ulionyooka. Ukibadilisha nyaya, linarudi. Hakuna mkanda wala gia. Koili na bamba havigusani kabisa, katikati ni mwanya mwembamba wa hewa tupu.

Nilitaka mota hiyo itikise meza za kuoshea dhahabu kule Chunya. Nilikwenda huko mara moja nikakuta wachimbaji wamekaa juani wanasubiri mkanda wa injini kutoka Mbeya mjini, kwa sababu vumbi lilikuwa limeshakula uliokuwepo. Nikarudi na wazo, na kwa wazo hilo nikajiandikisha shahada ya uzamivu katika chuo kilekile cha Mbeya nilichokuwa nafundisha. Nilidhani ni kazi ya miaka mitatu. Wachimbaji wale nadhani wamenunua mikanda mingi sana tangu siku ile.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza modeli, yaani kuandika kwa hesabu, kabla ya kugusa chochote, kwamba ukiweka umeme kiasi hiki bamba litasukumwa kwa nguvu kiasi hiki. Halafu unapima. Hesabu na kipimo vikikubaliana, unakuwa daktari. Visipokubaliana, unakuwa mimi.

Mota niliundiwa na fundi wa karakana ya chuo, mzee wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, mtu wa kofia ya sufu na maneno machache. Alisuka koili zote kwa mkono. Nilimpa mchoro, na kwenye mchoro niliandika kwamba mwanya uwe milimita tatu. Yeye alikuwa na njia yake ya kuweka mwanya. Alikata vipande vya fomika vilivyobaki walipotengeneza meza za maabara, kila kimoja unene wa milimita moja, akavipanga kati ya koili na bamba, akakaza bolti, kisha akavivuta nje taratibu.

"Tayari, madam," alisema siku hiyo ya kwanza.

"Mwanya uko kama kwenye mchoro?"

"Uko vizuri."

Sikupima. Kwenye droo yangu kulikuwa na fila geji, vile vibamba vyembamba vya chuma ambavyo mafundi wa magari hupimia nafasi ndogo. Ingenichukua dakika tano. Lakini kupima nyuma ya mzee kama yule, mbele ya macho yake, ilikuwa sawa na kukaribishwa chakula kwa watu halafu ukaomba kwanza uone sufuria ilivyooshwa. Nilimwambia asante baba, nikaandika milimita tatu kwenye daftari la maabara, nikatia saini.

Nguvu niliyopima ilikuwa ndogo kuliko hesabu yangu. Nikarudia. Ikawa ndogo vilevile. Nikampelekea msimamizi wangu, profesa mwenye haraka ambaye husoma kazi ya mtu huku akipokea simu, naye akapata jibu kabla sijakaa.

"Umesahau ncha," alisema. "Mota inayozunguka haina mwanzo wala mwisho. Hii yako ina ncha mbili, na kwenye ncha sumaku inavurugika. Modeli yako ni ya kitoto. Ongeza athari ya ncha."

Ni kweli mota ya namna ile ina ncha, na ni kweli sumaku huvurugika hapo. Nilichojua, na nikakosa ujasiri wa kukisema, ni kwamba kwa mashine ya mwendo wa polepole kama yangu athari hiyo ni ndogo sana. Lakini profesa amesema. Nikaingia kwenye ncha. Miaka minne niliishi humo. Nilitunga namba ya marekebisho, nikaizidisha kwenye mlinganyo, na hesabu ikaanza kukaribia kipimo. Tatizo moja ni kwamba kila nilipobadilisha kasi, ilibidi niibadilishe na namba yangu kidogo. Namba halali haina tabia hiyo. Nikaitungia namba hiyo namba nyingine ya kuilea, nikaandika sura nzima ya kuitetea, na profesa akasema hapo sasa umekua.

Tarehe ya kutetea tasnifu ikapangwa, Alhamisi. Nilikuwa nimeshaongezewa muda mara mbili, na barua ya mwisho ilisema wazi kwamba hakuna mara ya tatu, na kwamba asiyemaliza hataendelea kufundisha. Nyumbani kwetu, ng'ambo ya Iringa njia ya Tosamaganga, mama alikuwa ameshanunua kitenge cha mahafali. Alikuwa ametangaza jumuiya nzima kwamba binti yake anakuwa daktari, na nilipokwenda Pasaka bibi mmoja alinionyesha goti lake linalomuuma.

Ijumaa kabla ya Alhamisi hiyo, fundi alistaafu. Tulimfanyia chai na maandazi, akapewa blanketi na hotuba mbili ndefu. Watu walipoanza kutawanyika akaniita karakanani, akanipa kitu kidogo kilichofungwa kwa gazeti.

"Hizi za kwako, madam. Siku ukifungua ile mashine usije ukahangaika."

Nikafungua. Vilikuwa vipande vya fomika, vinne.

"Baba, hapa kimoja kimezidi."

"Hapana, ni hivyo hivyo vinne. Ile bamba imepinda kidogo katikati. Ungeweka tatu, ikitikisika ingekwangua koili. Nikaona nikuongezee kimoja."

"Uliongeza lini?"

"Si siku ile ile ya kwanza?"

Nilikaa juu ya kreti la soda. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali lisilo na adabu.

"Wewe uliandika tatu, madam. Sasa mimi ningekuambiaje?"

Kesho yake asubuhi nilikwenda maabara peke yangu, nikatoa fila geji kwenye droo, nikapima. Milimita nne, na sehemu nyingine nne na unene wa unywele. Mwanya ukiongezeka nguvu inapungua, hilo analijua hata mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nikafungua faili la zamani, modeli yangu ya kwanza kabisa, ile ya kitoto, isiyo na ncha wala namba ya kulea. Mahali palipoandikwa tatu nikaandika nne. Mstari ukapita juu ya vipimo vyangu vyote kama umechorwa kwa rula.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilifunga mlango nikalia kwa hasira. Nilikuwa sahihi tangu mwaka wa kwanza, na miaka minne mizima nilikuwa nasomea kipande cha fomika.

Halafu likaja wazo jingine, la chinichini. Hakuna anayejua. Fundi anarudi Tukuyu kwenye migomba yake. Tasnifu imeshajalidiwa, grafu zinapendeza, profesa ameridhika. Ninachotakiwa ni kunyamaza hadi Alhamisi. Nilipanda basi la Iringa na wazo hilo mapajani, nikalibeba kupita Makambako na Mafinga, na sitadanganya, lilikuwa linanibembeleza vizuri tu.

Mama nilimkuta sokoni kwenye maharage yake. Alikuwa anampimia mteja kwa sado, ile ndoo ndogo ya plastiki, akaijaza mpaka ikawa na kilima, akamimina kwenye mfuko, halafu akachota konzi moja juu ya hiyo akaongeza. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa mgongoni mwake. Siku hiyo iliniudhi.

"Mama, sado si imeshajaa? Ya nini kuongeza?"

"Nimpimie kavukavu kama simjui?" alisema. "Mtu unayemheshimu humpimii sawasawa."

Nikakaa kwenye gunia nikamweleza yote. Modeli hakuielewa, lakini habari ya fundi aliielewa haraka kuliko mimi.

"Sasa huyo mzee kosa lake nini? Alikuona umeandika vibaya, akakusitiri."

"Amenimaliza, mama."

"Na wewe hukupima kwa nini?"

Nikamwambia nisingeweza kupima nyuma yake. Mama alicheka, kicheko cha pumzi tu, huku mikono inachambua.

"Basi mmesitiriana mpaka mmekaa uchi," alisema. "Utawaambia hao wakubwa?"

"Nikiwaambia, kazi inaweza kuisha. Na kile kitenge chako?"

"Kitenge hakiozi," alisema, akamgeukia mteja mwingine. Nilimjua vizuri kiasi cha kuona kwamba lilimuuma. Konzi aliyomwongezea mteja huyo ilikuwa ndogo.

Alhamisi nilisimama mbele ya watahini nikasema sura ya nne ni batili. Nilisema taratibu kwa sababu nilikuwa nimechoka sana hata kuogopa. Nikaonyesha mstari wangu wa kitoto na milimita nne zake. Profesa aliinamia simu yake, na safari hii hakuna aliyekuwa amempigia. Mtahini wa nje, mama mmoja mwenye miwani shingoni, aliuliza nani aliyeweka mwanya.

"Saini ni yangu," nilisema.

"Nimeuliza nani aliyeuweka."

"Aliyetakiwa kuupima ni mimi. Sikuupima."

Walinitoa nje. Nilikaa koridoni nikiangalia mlima Mbeya ulivyofunikwa na mawingu, nikiwaza jinsi ya kufungasha vitabu vyangu. Waliponiita walisema niurekebishe mwanya uwe tatu kama mchoro unavyosema, nipime upya mwanzo hadi mwisho, na kila kipimo kishuhudiwe na watu wawili. Miezi mitatu. Hesabu ikikubali nimepita, isipokubali ndiyo basi. Profesa hakuitikia salamu yangu wiki mbili.

Fundi kijana aliyechukua nafasi ya mzee aliiangalia ile mota akasema hiyo inamtaka mwenyewe. Nikapiga simu Tukuyu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba radhi kwa kumsumbua, lakini mzee aliuliza tu, "Imekwangua?" Nikamwambia haijakwangua, ila nataka tatu, tatu kamili. Kesho yake akatokea getini na mkungu wa ndizi na kofia yake ya sufu.

Siku mbili alilinyoosha bamba. Analigonga kwa nyundo ya mbao, analilaza juu ya kioo, anachungulia mwanga chini yake, analigonga tena. Siku ya pili alasiri alipanga vipande vya fomika vitatu, akakaza bolti, akavivuta nje kimoja kimoja, akapangusa mikono.

"Tatu, madam."

Fila geji ilikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi. Niliishika humo humo mfukoni mpaka chuma kikapata joto. Yeye aliuona mkono wangu ulipo, akasogea pembeni hatua moja, akakunja mikono nyuma.

Nikainama nikapima ncha ya kwanza. Tatu. Katikati, pale palipokuwa pamepinda, tatu. Nikaenda ncha ya pili. Kibamba kiliingia kirahisi mno, kinacheza. Nikaongeza chembamba kingine juu yake, navyo vikaingia. Nilibaki nimeinama. Mgongo uliniuma, na kwa mara nyingine katika maisha yangu nilisikia ile asante baba inapanda kooni, tayari kutoka.

"Baba," nilisema, "huku si tatu. Imezidi."

Alivaa miwani, akaja, akanyoosha mkono nikampa fila geji. Akapima mwenyewe, akapima tena.

"Kweli imezidi," alisema. Akachukua spana, akapiga goti upande wangu wa meza. "Kaa hapo hapo. Nikikaza, wewe pima. Usiniambie iko vizuri, niambie ngapi."