Mtaalamu wa Mistari Iliyobanana

Philemon alikuwa mhadhiri wa hisabati kule Nyeri, na kazi yake aliweza kumweleza kila mtu isipokuwa baba mkwe. Siku ya ruracio, sherehe ya mahari, alipokwenda Kiriaini na wazee wake kumposa Wangechi, Mzee Ngatia alimkazia macho mbele ya ukoo mzima.

"Kijana, hebu tuambie kazi yako."

"Mzee, mimi nashughulika na mistari. Mstari ukijikunja ukajikata, pale unapokatana hesabu inakwama, haijui ishike njia gani. Basi ile nukta naipanua, kila njia ipate mahali pake kulingana na inakoelekea."

"Ati unapanua nukta," Ngatia akasema. "Na kuna mtu anakulipa?"

Hema zima likaangua kicheko. Wajomba wa Philemon, waliosafiri kutoka Kakamega kwa ajili yake, wakainamisha vichwa.

Ukafuata mtihani wa desturi. Wanawake waliletwa wamefunikwa leso toka utosini hadi vidoleni, wamebanana, na mmoja wao ni Wangechi. Philemon amtambue; akikosea, arudi Agosti. Philemon, msomi wa watu, akawatazama wee, akapima vimo na mabega, kisha akashika mkono mmoja kwa madaha. Leso ikafunuliwa. Alikuwa nyanya yake Wangechi, hana jino hata moja, na alicheka kuliko wote.

Ngatia akaanza kuinuka afunge mkutano.

"Keti!" nyanya akamkemea. "Mpee nafasi ingine. Ako na mkono laini."

Philemon alitamani ardhi immeze. Hapo ndipo alipokumbuka kosa analowagombeza wanafunzi wake kila wiki: kukodolea macho mahali palipobanana badala ya kuuliza kila mstari unaelekea wapi.

"Mama zangu," akasema, "tafadhali achaneni. Kila mtu aende anakotaka kwenda."

Mukimo ulikuwa unanukia, kwa hiyo leso zikashika njia ya jikoni. Zote ila moja. Hiyo iligeuka, ikajikwaa kwenye kamba ya hema, ikainuka, ikaja moja kwa moja hadi mbele yake. Philemon alifurahi hadi machozi yakamlenga.

Ngatia alikuna kidevu. "Sasa hiyo ndiyo kazi yako?"

"Ndiyo hiyo, baba."

"Lakini wewe hujafanya kitu. Ni yeye amekuja."

"Ndiyo, baba," Philemon akasema, akiishika ile leso kwa mikono miwili. "Hata kwa hesabu huwa ni hivyo tu."