Majina ya Nyuma ya Kaderno

Mume wangu Rizuane kazi yake ilikuwa kuuza maneno, na msinicheke, ni kazi kama kazi nyingine. Uchaguzi ukikaribia, wagombea wa huku Palma, kaskazini mwa Msumbiji, walimwita awaambie waanze kumsalimu nani, wahudhurie msiba gani, wanyamaze wapi. Wenye vyeti walimwita consultor, yaani mshauri. Mimi nilimwita mpambe wa watu, naye akacheka tu. Rizuane hana hasira. Hasira zote za nyumba ile aliniachia mimi.

Mwaka ule gesi ilikuwa imeshaonekana baharini na mji umejaa wageni. Mmoja wao, mzungu, alisema anachunguza maoni ya watu kuhusu gesi na kura. Rizuane akanywa naye kahawa mara tatu pale mgahawani kwa Momade. Nikamwambia, "Baba Zaina, mtu anayeuliza hivyo hujui majibu anayapeleka wapi."

"Anauliza, mimi najibu. Kuna ubaya gani?"

Haya. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwezi uo huo mavyaa wangu, Bi Awa, akafariki. Nilimwosha kwa mikono yangu, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia. Sasa kwetu hitima haisomwi kwa jina moja. Ukimwombea mama, unawataja na waliomtangulia, wa huku na wa ng'ambo ya Ruvuma, maana mto ule umekata nchi, haukukata ukoo. Rizuane akawaandika jamaa wa ng'ambo, kila jina na kijiji chake: Msimbati, Kilambo, Mahurunga. Mwalimu wa madrasa akisoma jina analitia alama, asimruke mtu. Lakini mume wangu ni bahili wa karatasi. Alichukua kaderno yake, daftari la kazi za kampeni, akaigeuza, akaandika kutoka nyuma.

Jina la mwisho aliloandika ni la kaka yake, Sadique. Huyu wakati wa vita alichukua herini za dhahabu za mama yake akavuka mto, na hakusikika tena. Kila hitima watu walimwambia Bi Awa, mtie na Sadique, miaka imepita. Bi Awa alikuwa akijibu, "Huyo msimwandike," basi, na kuendelea kuchambua mchele. Alipokufa yeye, Rizuane akaona huruma kumwacha kaka yake bila dua. Akamwandika.

Zikiwa zimebaki siku tisa kufika arobaini, wakaja watu wa serikali kumchukua, yeye na kaderno yake. Ofisi yao siitaji. Aliyemhoji anaitwa Nuno, kijana wa Maputo aliyehamishiwa huku, shati limepigwa pasi na macho hayajalala. Nilikuwepo, nimepeleka kisamvu, na Kireno chao nakielewa.

"Watu thelathini na saba wa Tanzania," Nuno akasema. "Umewaandikisha wapi kupiga kura? Na yule mzungu ndiye aliyekutuma?"

"Ni marehemu, senhor," Rizuane akajibu.

"Marehemu nao hupiga kura. Nimeshaona."

Mungu anisamehe, nilicheka. Kisha nikamwambia Nuno kama yeye hana mama wa kumsomea, sisi tunaye. Hakukasirika. Alisema majina yameshapelekwa ng'ambo kuulizwa kijiji kwa kijiji, na mpaka jibu lirudi, mume wangu atakaa pale.

Rizuane hakulilia kufungwa. Aliililia arobaini. Kila nikimpelekea chakula aliuliza, "Nani atawapokea watu wa mama?" Alikuwa ndiye mtoto pekee aliyebaki. Nami, mwenye mdomo wote huu, nikawa namwondolea samaki miba kama mtoto.

Siku moja kabla ya arobaini, Nuno akatuita wote wawili. Karatasi ilikuwa mezani.

"Katika daftari la wapiga kura la huku hayumo hata mmoja," akasema. "Thelathini na sita wamekufa kweli. Baadhi tumeonyeshwa na makaburi. Lakini mmoja yu hai."

Nikajua tumekwisha, aliye hai mmoja anatosha kumfunga mtu.

"Yupi?" Rizuane akauliza.

"Sadique Abdurremane. Anatengeneza mafriji Mtwara. Ana watoto wanne."

Rizuane alitoka kwenye kiti akakaa chini sakafuni. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, mbele ya serikali. Nikamshika kichwa. Alikuwa akirudia neno moja, "Mama alinikataza, mama alinikataza." Nuno akatusogezea kaderno. Akasema Sadique ameshaambiwa habari ya msiba, na sisi twende nyumbani.

Sadique alifika asubuhi ya arobaini kwa mtumbwi wa kuvukia mto, mvi zimemjaa, amekumbatia mfuko wa sukari. Ndugu wale walishikana pale mlangoni mpaka watu wakaanza kupita pembeni yao. Mwalimu alipofungua kaderno, Sadique akaomba aione. Alikuta jina lake limeshatiwa alama ya kusomewa, na chini yake pamebaki mstari mtupu. Akaomba kalamu akalifuta mwenyewe.

Baada ya dua nilikuwa nagawa chai. Akanifuata jikoni, akasimama kama mtu aliyekuja kudaiwa.

"Shemeji," akaniuliza, "wewe ulikaa naye. Mama alinisamehe zile herini?"

Nilitaka kumgombeza kwa miaka yote ile. Maneno nilikuwa nayo tayari. Lakini nilimwangalia, na pua ilikuwa ya Bi Awa kabisa.

"Angekuwa hajakusamehe, shemeji," nikamwambia, "angekuandika zamani."