Gauni la Mama, Mabega ya Baba

Ni Ijumaa adhuhuri sokoni Keumbu, na mkasi wa Orpah Nyangate umesimama juu ya kitambaa cheupe, haushuki. Anatazama mawingu yanayojikusanya upande wa Nyamira, anatazama kitambaa, kisha anafuta viganja kwenye leso aliyojifunga kiunoni.

Mvua ikinyesha, kibaraza hiki cha duka kitaingia giza. Na jua likizama, Sabato imeingia. Orpah ni Msabato, hatagusa cherehani. Harusi ni Jumapili asubuhi, na kitambaa cheupe hakishonwi usiku wa Jumamosi kwa moshi wa koroboi.

"Nikikosea hapa, hakuna kingine," anasema.

Kaltuma, mwenye duka anayempa Orpah nafasi ya kuweka cherehani, anaitikia kutoka kaunta. "Hicho ndicho kipande cha mwisho. Lori la Kisumu ni wiki ijayo. Kata polepole, Mama Nyangau," anasema, akimwita kwa jina la mwanawe.

Harusi yenyewe ilipangwa iwe Desemba hii ya 1971. Lakini Angwenyi, baba wa bibi harusi, amelazwa hospitalini tangu Juni akiugua kifua, na daktari amekubali atoke Jumapili moja tu, kwa saa chache. Hakuna aliyetamka kwa nini wasingoje Desemba.

Mzee aliomba jambo moja: bintiye Mong'ina avae gauni kama alilovaa mkewe, Bosibori, walipooana mwaka 1946. Gauni hilo halipo tena. Liligeuzwa nguo za watoto wachanga. Zilizobaki ni karatasi zake za kukatia, vipande vyembamba vyenye umbo la mgongo, kifua, mikono na sketi, alizopewa Bosibori na mke wa mmisionari. Amezitunza miaka yote katika kopo la biskuti.

Shida ilionekana Jumatatu, Orpah alipopitisha tepu mgongoni mwa Mong'ina.

"Bosibori alikuwa mwembamba kama unyasi," anaeleza fundi huyu mwenye umri wa miaka thelathini na minane. "Huyu ana mabega ya baba yake. Nikifuata karatasi jinsi ilivyo, atainama kumsalimu mzee na mgongo utapasuka mbele ya kanisa zima."

Dawa ilikuwa kupasua karatasi ya mgongo katikati na kuipanua. Bosibori akaweka kiganja juu yake.

"Usikate. Angwenyi akiondoka, nitabaki na nini cha siku ile?"

Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kusemwa mbele ya Mong'ina. Msichana aliinuka, akatoka nje, akasimama uani akiwa amewapa mgongo.

Orpah hakubishana. Alimwomba Kaltuma karatasi ya kaki ya kufungia sukari, akalaza zile kuukuu juu yake na kufuata kingo zake kwa kipande cha jiwe laini la Tabaka, ambalo mafundi wa huku hulitumia kama chaki. Akaongeza upana wa vidole viwili mgongoni, kimoja kila bega, akateremsha kwapa. Karatasi za Bosibori zikarudi kwenye kopo lake bila jeraha.

Jumatano Mong'ina alijaribu gauni la majaribio, la kitambaa cha magunia ya unga. Alipoinua mikono, kiuno kilipanda mpaka mbavuni. Orpah alifumua, akashona, akafumua tena. Jana hakula mchana.

Sasa mkasi unashuka. Kitambaa hakikutosha marinda yote ya sketi, kwa hiyo amepunguza mawili ili apate upana wa mgongo. Cherehani inaunguruma. Matone ya kwanza yanagonga mabati, naye hainui kichwa. Pasi ya makaa anaipulizia mbali, upande wa barabarani, asije akaangusha cheche.

Saa kumi jioni Mong'ina amevaa.

"Inama," Orpah anaamuru. "Zaidi."

Kibaraza kizima kinausikiliza mshono. Hakuna uzi unaokatika. Bosibori anapapasa mgongo wa bintiye. "Mabega ya Angwenyi yameingia kwenye gauni langu," anasema.

"Na tata asipofika?" Mong'ina anauliza habari za baba yake.

Orpah anapiga magoti kukagua upindo wa sketi.

Jumapili Angwenyi alifika kanisani. Alibebwa pamoja na kiti chake, amefunikwa blanketi hadi kidevuni, akakaa mpaka wimbo wa mwisho. Bintiye alipomwinamia, alimshika bega, akakawia kumwachia. Kisha akaomba arudishwe hospitalini, na hapo ndipo Bosibori alipolia.

Orpah hakukaa karamuni. Anasema usingizi uliompotea kwa kazi hii bado haujarudi, lakini amejua anachotaka: karatasi zake mwenyewe za kukatia, za kaki ngumu, zenye vipimo vya wanawake wa huku.

"Zile zilichorwa kwa watu wa ng'ambo," anasema. "Wetu wanabeba ndizi na majani chai tangu utotoni. Migongo yao ni mingine."

Ameanza na Kaltuma, kisha atawapima wanawake wa Suneka na Marani siku za soko.

"Nahofia macho yatachoka kabla sijamaliza," anasema, akiinyoosha tepu. "Lakini aje anayetaka kupimwa."