Tangi la Chumvi la Kaka Yangu

Mara ya kwanza kaka yangu aliponipiga kwa gongo lake la kutembelea, ilikuwa kwa sababu ya samaki ambao hata hawakuwa wamefika. Nilikuwa nimeinama mbele ya tangi, kichupa cha kupimia maji mkononi, nikamwambia rangi bado ni ya kijani, sumu bado imo majini, tuvute subira. Gongo la alumini likanishukia begani na kichupa kikapasukia sakafuni. Niliokota vigae kabla hata ya kulia, maana mama alikuwa anakuja mbio na hakuwa amevaa viatu.

Zamani hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa dereva wa lori, akileta mbuzi Garissa kutoka Bute, na mara nyingine akiendelea na mizigo hadi Mombasa. Akirudi nyumbani ungesikia kicheko chake kabla hajafungua lango. Kisha siku moja, karibu na Habaswein, bomu lililofukiwa barabarani lilinyanyua kichwa cha lori na kukirudisha chini ubavuubavu. Dereva mwenzake, waliyepokezana usukani kwa miaka mingi, alifia kwenye kiti cha pembeni. Mguu wa kaka yangu ulikatika hapo hapo, chini ya goti.

Alipotoka hospitali tulimleta mtaa wa Waberi, hapa Garissa, kwenye nyumba ninayoishi na mama. Alivunja vikombe. Alivunja runinga kwa sababu tangazo lilianza kwa kishindo. Asubuhi moja alirusha chupa ya chai, ikamfungukia mama mkononi, na ngozi ya kiwiko chake ikabambuka kama ganda la kitunguu. Majirani wakaacha kuwaruhusu watoto wao kuja kwetu. Mama na mimi tulijifunza kutembea ndani ya nyumba yetu kama wezi.

Kitu kimoja tu alichotuomba ni tangi la samaki wa baharini. Hospitali aliyotibiwa Mombasa ilikuwa nalo kwenye ukumbi wa kusubiria, na alisema kwamba akiwa mbele yake ule mlio uliombaki masikioni tangu mlipuko ulikuwa unapungua. Madereva wenzake ndio waliotuletea: kioo kimefungwa kwa mablanketi, mchanga, mawe ya baharini yaliyoviringishwa kwa magazeti yenye maji, na magunia ya chumvi maalumu. Hapa kwetu watu hununua maji kwenye mikokoteni ya punda. Mama aliponiona nikikoroga chumvi katika maji matamu alisema, "Subhanallah," akaingia chumbani kwake.

Mimi hufundisha kemia sekondari, kwa hiyo kazi ya maji ikawa yangu. Nilitumbukiza kamba mmoja mbichi wa baharini tangini, nikamwacha aoze.

"Unafanya nini, abaayo?" kaka akauliza. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu utotoni kwa Kisomali chetu, dada; mimi nilimwita walaal, ndugu.

"Akioza atatoa amonia. Ni sumu. Wapo bakteria wanaoila, nao watakuja wenyewe wakiikuta. Wakishaila wataacha sumu nyingine, na ya pili ina walaji wake pia. Wote wakishazaliana vya kutosha, ndipo samaki ataweza kuishi."

"Na sasa hivi?"

"Sasa hivi akiingia ataungua matamvua. Atakufa."

"Lini watamaliza kuzaliana hao wadudu wako?"

"Sijui, walaal. Hawaambiliki."

Nyumba ilianza kunuka uvundo wa pwani. Maji yakawa meupe kama uji mwepesi, kisha yakatulia, kisha mawe yakaota utando wa kahawia. Joto la Garissa lilikuwa likiyanywa maji kila siku, nami nilijazia kila asubuhi na kuwasha feni juu yake. Kaka alikaa mbele ya kile kioo kitupu tangu alfajiri, akiyatazama mawe. Kila nilipopima aliuliza, na kila nilipojibu "bado," nilisogea nyuma hatua moja. Siku ya lile gongo la begani nilichelewa kusogea.

Baadaye alichoka kuniuliza. Alimpigia simu muuza samaki wa pwani kwa Kiswahili chake cha barabarani, na basi likamletea samaki wawili wenye milia ya manjano ndani ya mifuko ya plastiki. Niliporudi kutoka shuleni, tayari alikuwa amewatia.

Walikuwa juu kabisa, midomo nje ya maji, wakitwaa hewa. Mmoja alijirusha akajigonga kwenye kioo, akajigonga tena. Nilichukua wavu.

"Waache!" akasema. "Wanazoea."

"Wanaungua. Nipishe."

Nilipoingiza mkono alinipiga mdomoni kwa gongo. Safari hii hakuangalia pa kupiga. Nilisikia jino likikatika kabla ya kusikia maumivu, na nilipotema, damu ilitua kwenye maji ikafumka kama moshi. Samaki wa kwanza aligeuka tumbo juu. Wa pili aliendelea kupanua mdomo na kuufumba, na kaka akasogeza uso karibu na kioo.

"Mwenzangu alihema hivi, ndani ya lori," akasema. "Hivi hivi. Nikamwambia usilale, usilale. Na mguu wangu ulikuwa mapajani mwake."

Hakuwahi kutuambia hilo. Kisha akanyanyua gongo avunje kioo.

Mama alikuwa mlangoni. Ni mwanamke mdogo, na tangu nizaliwe sijamwona akimwinulia mtu mkono. Alilichukua gongo la pili lililokuwa limeegemea ukuta, akampiga nalo kaka kwenye mkono, kisha mgongoni, kisha mgongoni tena, mpaka akaanguka. Alipokuwa chini akampiga mara nyingine. Nilimshika mimi, la sivyo asingeacha.

"Bomu lililipuka barabarani," akamwambia, akihema. "Wewe umelileta nyumbani kwangu. Ukimgusa tena binti yangu, utakwenda kuishi kwa abti yako Habaswein. Na njia ya kwenda unaijua."

Abti ni mjomba wetu. Kaka alijifunika uso kwa viganja vyote viwili, akalia kwa sauti ambayo majirani lazima waliisikia.

Jioni hiyo nilihamia kwa mwalimu mwenzangu. Sikutaka kumwona kaka, wala sikutaka kusikia habari za tangi. Lakini siku chache baadaye simu yangu ililia: kaka amenitumia picha ya kichupa cha kupimia, kijani kilichokolea. Kesho yake picha nyingine. Sikujibu. Mama aliniambia kwa simu kwamba umeme ulipotea mchana kutwa, pampu ya kuzungusha maji ya tangi ikasimama, na kaka akakaa akichota maji kwa jagi na kuyamimina tena humo humo ili hewa iingie, mpaka mkono ukamvimba. Alimwambia muuza samaki asilete chochote.

Rangi za vile vichupa zikaanza kubadilika. Kijani kikapauka kuwa manjano, ishara kwamba amonia inaisha. Kile cha pili, cha ile sumu nyingine, kilichokuwa zambarau, kikawa buluu hafifu. Hapo nilimwandikia: "Pima tena kesho, na keshokutwa." Akapima. Nilirudi nyumbani.

Samaki wapya walipofika aliielesha mifuko juu ya maji ipate joto lile lile, akawaachia taratibu, akakaa. Hawakupanda juu. Mmoja alijificha nyuma ya mawe. Mwenzake alimfukuza huko akamng'ata pezi. Kaka alikunja ngumi, nikaona mishipa ya shingo ikisimama, nami nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Alipenyeza kipande cha plastiki chenye matundu kati yao, akaketi tena.

"Fungua mdomo," akaniambia bila kugeuka. Kisha akageuka. "Nionyeshe."

Nilifungua. Alitazama pengo muda mrefu.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe."

Sikumwambia haina neno.

Bado ana siku mbaya. Siku hizo huenda uani na kupiga ukuta wa mabati mpaka vidole vinachubuka, na mama humpelekea maji ya uvuguvugu na chumvi ya jikoni aviloweke. Hajatugusa tena. Ninakaa naye mbele ya tangi tunakunywa chai, na ananionyesha samaki yupi amekula na yupi amesusa. Nikienda kulala, bado ninafunga komeo la chumba changu.