Mgeni Mmoja Aliyekula Akika ya Idi

Enzi zetu hatukuhitaji kununua kitabu ili tusome habari za mtu aliyeuawa. Tulikuwa na wetu, tulimfahamu kwa jina, na wengi wetu tulivaa nguo alizotushonea. Nasema hivi kwa sababu mwalimu mmoja kijana wa hapa Makiso, Kisangani, ametoa riwaya ya upelelezi juu ya kifo cha Papa Ramazani, fundi cherehani wa Ubundu, na wajukuu wangu wameisoma wote. Sasa wanakaa sebuleni kunieleza mimi mambo niliyoyaona kwa macho yangu. Ndani yake mna inspekta mwenye koti refu na glavu. Koti refu, Ubundu, kwenye joto lile.

Mliokulia kule mnakumbuka jinsi mji wenyewe ulivyokuwa mdogo. Treni ya Kisangani ilifika hapo ikachoka, na mizigo ikashushwa kwenda kupakiwa kwenye meli za kupanda mto. Watu wazima wakibeba magunia, sisi wasichana tulicheza nzango kwenye sakafu ya stesheni, tukirusha miguu na kupiga makofi mpaka mkuu wa stesheni atufukuze. Mji mzima ulinuka samaki wa moshi na mawese. Asubuhi tulikwenda shule ya mapadri, jioni tulikwenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na katikati tulikula makemba, ndizi zile kubwa, ya kuchoma na pondu ya majani ya muhogo iliyopikwa ikapikika, si hii ya siku hizi inayotolewa jikoni ikiwa bado mbichi kwa sababu mpishi anaangalia simu. Tuliogopa wazazi wa kila nyumba. Ukikosa kwa jirani, ulipigwa kwa jirani, halafu ukifika kwenu ulipigwa tena kwa kuwasumbua majirani mikono.

Uhuru ulipokuja, kila mwanamume alitaka koti. Papa Ramazani alishona mpaka cherehani ikawa inasikika kutoka sokoni. Miongoni mwa waliompelekea kitambaa alikuwa Tonton Idi, mdogo wake mama, mpakiaji wa mizigo pale stesheni. Mkono wake wa kulia uliwahi kuvunjwa na gunia la chumvi ukaunga vibaya. Ulikuwa umepinda na haukuweza kuinuka kupita bega, kwa hiyo aliomba mkono mmoja wa koti uwe mfupi. Fundi akashona yote miwili sawa, akisema koti ni koti. Tonton Idi alilivaa, akajitazama, akamwambia mbele ya soko zima: "Siku moja nitakuua, wewe."

Maneno hayo mama alituambia sisi kila jioni juu ya sufuria ambazo hazijaoshwa, na tupo hai mpaka leo. Lakini haikupita wiki, Papa Ramazani akaokotwa amekufa nyuma ya ghala la samaki, na soko lote likakumbuka koti.

Katika riwaya, maiti inalala mezani kurasa nyingi huku daktari akiipima na inspekta akiwaza. Kwetu fundi aliokotwa asubuhi, na alasiri alikuwa kaburini, kwa sababu ndivyo Waislamu tunavyozika na hakuna aliyefikiri vingine. Polisi alifika akakuta watu wanakung'uta udongo mikononi. Akauliza maswali kidogo, akapewa jina la Tonton Idi na watu ambao hawakuona kitu, akarudi zake. Tonton Idi hakusubiri kukamatwa. Alishika njia ya reli kwa miguu, akaondoka bila kuaga.

Waliouona mwili wa fundi ukiwa wazi walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa papa yangu mzazi, ambaye ndiye aliyeosha maiti za wanaume mjini kwetu. Wa pili alikuwa Papa Selemani, mzee muuza mikeka, aliyemshikia maji. Na mwosha maiti, kama mnavyojua, hasemi alichokiona. Iwe kovu, iwe ugonjwa, iwe jeraha na mahali lilipo, analiacha pale pale penye maji. Mama alimwomba sana. Alimwambia mdogo wake anaitwa muuaji sokoni, na yeye ndiye anayeweza kusema kama mkono ule ungeweza kazi ile au la. Papa alisikiliza yote, kisha akamjibu maneno ambayo sijayasahau: "Mufu hawezi kujifunika. Ni mimi nilimufunika. Nikimufunua leo, kesho nani atanipatia mutu wake nimuoshe?"

Mama hakumsemesha kwa muda mrefu. Alimpikia, akamwekea maji ya kuoga, lakini hakumsemesha. Nilikuwa nimemkasirikia papa mimi pia. Niliona anachagua maiti kuliko mke wake.

Mama alikuwa na mimba wakati huo. Akajifungua mvulana, na siku ya akika papa akachinja mbuzi, akatandika mikeka uani, akaita mji. Kabla watu hawajaja habari ilikuwa imeshazunguka kwamba papa anampa mtoto jina la Idi. Hapa vijana watanicheka, lakini enzi zetu jina halikuokotwa. Mtoto alikuwa na ndoyi wake, mtu ambaye jina linatoka kwake, na watu waliamini kwamba pamoja na jina mtoto anachukua tabia, bahati na madeni ya ndoyi huyo. Hakuna baba aliyempa mwanawe jina la mwizi. La muuaji ndiyo kabisa.

Kwa hiyo mji ulikasirika. Walisema mwosha maiti amelitukana kaburi la fundi, na hawakuja. Sufuria za wali zilikaa pale zinapoa. Sisi watoto tulifurahi, kwa sababu tuliona nyama yote ni yetu. Jua lilipoanza kuteremka akaingia mtu mmoja tu, Papa Selemani muuza mikeka. Alinawa, akakaa, akala vizuri kama mtu asiye na haraka, akaongezewa. Kisha akaomba apewe mtoto, akamwinua, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani: "Idi. Karibu kwetu, Idi."

Wawili waliouona mwili wa fundi walikuwa pale, mmoja ametoa jina, mwingine amelikaribisha. Mama aliyekuwa mlangoni alimtazama yule mzee, akamtazama papa, akakaa chini hapo hapo. "Donc, basi, ndugu yangu hakuua," alisema. Papa akamwambia amletee maji mgeni, na mama akamjibu, "Naleta, papa," na tangu siku hiyo wakasemezana kama zamani.

Mji haukuelewa. Wale watu waliokaa majumbani kwao kwa hasira walikuwa ndio waliotakiwa kuona, na hawakuwepo. Papa aliwaagiza watu wa treni wamwambie kila mmoja njiani kwamba mwosha maiti wa Ubundu amepata mtoto na jina lake ni Idi. Sijui kama habari ilimfikia Tonton Idi mwenyewe. Baadaye yakaja maasi, tukakimbilia msituni na sufuria vichwani, polisi wakatawanyika, na tuliporudi kila mtu alikuwa na wafu wapya wa kuwalilia. Tonton Idi hakurudi. Nani aliyemuua fundi, sijui mpaka leo.

Mwalimu kijana alikuja kunihoji kabla hajaandika. Ana adabu, alivua viatu. Nilimweleza akika yote, na mikeka mitupu, na aliyekula. Akaniuliza kama mjukuu anavyomuuliza bibi yake, "Bon, koko, lakini papa yako aliona nini kabisa?" Nikamwambia hakuniambia. Basi akafunga kalamu. Katika kitabu chake muuaji ni mpakiaji mizigo mwenye mkono uliopinda, na mwosha maiti ni shemeji aliyemficha. Akika haimo.

Ndugu yangu Idi sasa ni mzee, anakaa karibu nami, macho yake hayaoni vizuri. Amelibeba jina lile maisha yake yote bila aibu, kwa sababu mama alimfundisha tangu mdogo kwamba jina hilo ndilo neno ambalo papa alikataa kusema. Mwaka huu mjukuu wake amepata mvulana, na tulijua sote ataitwa nani. Lakini wazazi wake wameisoma riwaya. Wakasema kwa upole kwamba mtoto asianze maisha na jina la muuaji, wakampa Rayan, jina zuri wanaloliona kwenye televisheni.

Niliogopa Idi atawaka. Alimpakata mtoto tu, akamuuliza mama yake kama ananyonya vizuri. Kisha akanigeukia, akasema polepole ili wasisikie: "Basi mimi ndiye wa mwisho."

Enzi zetu mtu mmoja alikula wali, na mama yangu, dada ya mtuhumiwa, akalala usingizi. Siku hizi, kwenye akika ya Rayan, wamekula wengi, mikeka ilijaa, walipiga picha. Mimi nilikaa karibu na ndugu yangu, na sote wawili hatukuweza kula.