Sakafu Isiyoitika

Dada yangu Jachuka atanitoa roho. Ukimwambia twende, magoti yanamuuma. Ukimwambia basi kaa, keshaondoka. Kijiji chetu hiki, mkoani Misiones, kinamjua kwa mambo mawili: ubishi, na takuapu, ule mwanzi mnene tunaoutwanga kwenye sakafu ya udongo sisi wanawake, wanaume wanapoimba kwenye nyumba ya sala. Wao wana magitaa na manyanga yao, sawa, lakini mwanzi usipogonga, wimbo haunyanyuki. Na wapigaji tulibaki wawili tu, mimi mwenyewe bega bovu. Ndiyo maana Jachuka aliweka tumaini lake lote kwa mjukuu wake, Yva.

Ikajengwa shule ya saruji. Mwalimu mkuu, Graciela, mama wa mjini, akamwomba Jachuka awafundishe wasichana takuapu darasani. Nikafurahi kama mjinga. Jachuka akaingia, akatwanga mara moja, mwanzi ukapasuka.

"Sakafu hii imekufa," akasema. "Haiitiki."

"Bibi, si ugonge polepole?" Graciela akasema.

"Polepole ni kumbembeleza mtoto alale."

Akataka kuwapeleka wasichana nje uwanjani, kwenye udongo. Graciela akakataa, kipindi ni cha darasani. Basi Jachuka huyo, akaenda zake, akaapa hakanyagi tena pale. Nyumbani nikamwambia, "Unamkomoa nani sasa, mwalimu au mjukuu wako?" Akanigeuzia mgongo, akaendelea kumenya mihogo.

Wasichana wakabaki kujifunza wenyewe kwa wenyewe, juu ya saruji ile ile. Siku Yva aliposimama kati yetu kwenye nyumba ya sala, aligonga kama anayeogopa kuvunja yai. Mkono ulishazoea kujizuia. Wimbo wa wanaume ukalegea, ukakatika.

"Nikipiga kwa nguvu mwanzi utapasuka, Bibi," akasema, machozi yanamtoka.

Nilimtazama Jachuka usoni nikaona ameogopa, na hasira zikanipanda zaidi, maana nilimwonya.

Kesho yake magoti yale yale, yasiyoweza kwenda kuchota hata ndoo ya maji, yakapanda kilima cha shule na kikapu cha udongo mwekundu mgongoni. Akaumwaga katikati ya darasa, akaushindilia kwa miguu, akashuka kufuata mwingine.

"Bibi, mbona unaniletea uchafu darasani?" Graciela akauliza.

"Si ulisema kipindi ni cha darasani? Haya, nipo darasani."

"Na nani atafagia?"

Jachuka akaninyooshea kidole mimi. Hakuniuliza. Hajawahi kuniuliza kitu maisha yake yote.

Kwa hiyo kila kipindi kikiisha ni mimi na ufagio, na bega hili hili. Nimelalamika mpaka nimechoka, nani wa kunisikiliza?

Juzi jioni bega liligoma kabisa, nikakaa nimeegemea ukuta wa nyumba ya sala, nimefumba macho. Mianzi miwili ikawa inagonga, wa Jachuka na wa Yva. Nikatega sikio nijue upi wa dada yangu, ambaye nimepiga mwanzi kando yake tangu usichana. Sikuujua.