Kilima Nilichowatengenezea Watu wa Ngonga

Nilihamishiwa Kyela nikitokea Singida, na kitu cha kwanza kilichoniudhi ni ubapa wake. Mashariki milima ya Livingstone imesimama wima mpaka shingo inauma ukiitazama, lakini kule chini tunakoishi sisi watu wa kawaida, kutoka Ipinda mpaka ufukweni, ni sahani tupu. Mimi nimesomea mambo ya ramani. Mtu wa ramani ukimpeleka kwenye sahani, anaona kabisa kwamba kuna mtu ofisini anamchukia.

Nilikuwa na GPS yangu ya mkononi, ile ndogo ya manjano inayotosha kiganjani, na niligundua kwamba mtandaoni wapo watu wakarimu wanaogawa bure vipimo vya miinuko ya dunia nzima, vilivyochukuliwa na rada kutoka angani. Unavipakua, unavitia kwenye programu ya bure, programu inakuchorea kontua, yaani ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, halafu unaisukuma ramani kwa waya mpaka kwenye GPS. Nilimaliza bando na Jumapili tatu. Nikaiagiza programu ichore mstari kila mita ishirini. Nikawasha kifaa, kioo kikawa cheupe. Kyela nzima imelala baina ya mstari na mstari, na mimi nipo katikati, kimshale kisicho na pa kwenda.

Nikapunguza hadi mita kumi. Mistari miwili, tena ya kuonewa huruma. Nikapunguza hadi mita tano, na hapo mambo yakanoga: mistari kila mahali, inajikunja, inajizungusha, na upande wa Ngonga duara ndani ya duara. Kilima! Mwenye akili zake angejiuliza kilima hicho kilikuwa wapi siku zote. Mimi nilijipongeza kwa soda baridi. Vile vipimo vilikuja na faili la maelezo, ambalo sikulifungua, kwa sababu maelezo ni ya watu wasiojua kazi.

Wakati huohuo kijiji kimoja cha huko Ngonga kilikuwa kinatafuta mahali pa kujenga ghala la mpunga. Kila masika mito inafurika, maji yanaingia majumbani na magunia yanaota humohumo ndani. Matofali yalishachomwa. Kilichobaki ni kiwanja kisichofikiwa na maji, na kamati ilikuwa imegombana juu ya kiwanja hicho mpaka imechoka. Nikasimama kwenye mkutano wao, nikainua GPS juu wote waione.

"Kijiji chenu kina kilima," nikasema.

Watu wakatazamana. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye amezaliwa hapo na babu yake amezikwa hapo, akauliza kwa adabu kilima chenyewe kiko wapi. Nikamwonyesha.

"Hapo ni kwa yule mama mjane, mtaalamu. Hapo pana kokoa."

"Chini ya kokoa kuna kilima, mwenyekiti. Mmekizoea tu, ndiyo maana hamkioni."

Maneno hayo hunirudia mpaka leo, hasa nikiwa naoga, na huwa najimwagia maji kwa hasira. Siku ile hakuna aliyecheka. Nilikuwa na kifaa, nilikuwa na viatu vya kazi, na Kiswahili changu hakikuwa na lafudhi ya pale. Wakaniambia ndaga fijo, asante sana ya kwao, na mimi nikavimba kichwa.

Kesho yake tukaenda kukipanda: mimi, mwenyekiti, mtendaji wa kijiji na wajumbe wanne wa kamati. Naapa tulikipanda. Nilikuwa mbele, macho kwenye kioo, natangaza: tumevuka mstari wa kwanza, tumevuka wa pili. Mtendaji, aliyetoka mkoa mwingine kama mimi, alianza kuhema. Mjumbe mmoja alishika kiuno akasema kweli, bwana, kuna kamwinuko. Tulipofika kileleni tukasimama kivulini kupumzika, na hapo ndipo tulipomkuta mwenye shamba, ameinama anakusanya maganda ya kokoa.

Akatutazama mmoja mmoja. "Poleni, baba zangu. Mmepanda nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akanishika mkono na kunipeleka kwenye shina la mti mmoja. Gome lilikuwa na alama ya tope iliyokauka, usawa wa goti langu, na mti wa pili hivyohivyo, na wa tatu, zote kimo kimoja kana kwamba mtu amepiga rula. Akasema maji ya masika hufika hapo. Akasema miti hiyo aliipanda marehemu mume wake walipooana, imesomesha watoto wote, na yeye hana shamba jingine la kokoa.

Hebu fikiria. Kontua halisi, iliyochorwa na maji yenyewe, iko mbele ya pua yangu. Nikamwambia, "Mama, hilo ni tope la kurushwa na matone ya mvua."

Alibishana nasi wiki nzima. Mwishowe wanakamati wakamwambia anazuia chakula cha kijiji kizima, na hakuna mama wa pale anayekubali kuitwa hivyo. Akapewa kipande kingine upande wa mtoni, na miti ikakatwa. Nilikuwepo, na ninaona aibu kusema kwamba nilipiga picha.

Ghala lilisimama zuri, bati linang'aa. Masika ilipofika, maji yakaingia kwa mlango wa mbele na kutulia usawa wa goti. Bahati tu mpunga ulikuwa bado uko shambani. Nilikwenda na mabuti, nikawakuta mabata wa jirani wanaogelea ndani kwa raha zao, na GPS mkononi inasisitiza kwamba nipo juu ya kilima. Usiku huo ndipo nilipofungua lile faili la maelezo. Ukurasa wa kwanza kabisa, wala si wa pili: kwenye miti iliyosongamana rada huishia kwenye majani, haifiki ardhini. Kilima changu kilikuwa vichwa vya miti ya kokoa, na sisi tulikuwa tumekikata.

Maji yalipokauka nikaenda kwa yule mama mjane kumwambia. Nilimkuta uani anaanika mpunga kwenye turubai. Nikasema yote, pamoja na habari ya lile faili, na nikasema samahani, neno ambalo lilikuwa dogo hata mdomoni. Hakupandisha sauti. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaomba kukiona hicho kifaa. Nikamwonyesha yale maduara.

"Hii ndiyo miti ya mume wangu?"

"Ndiyo, mama. Rada iliipima zamani, ilipokuwa imesimama."

Akapitisha kidole taratibu kuzunguka duara la nje, mpaka likafungana. "Na humu bado ipo?"

"Humu bado ipo."

Akanirudishia GPS kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama mtu anavyomrudishia mgeni sahani yake.

"Basi msimu wa kokoa ukifika, njoo na hicho kidude univunie," akasema. "Ndaga fijo, baba."

Akarudi kugeuza mpunga wake. Mimi nikatoka, nikapita palipokuwa shamba, na kifaa kikaniambia nimefika kileleni.